Usitue Mzigo Kwanza

Mama yangu hakumruhusu mgeni kutua mzigo kabla hajamwonyesha kisima. Mtu ameshuka kwenye gari la moshi kutoka bara, amefika kwetu Kinondoni jasho linamchuruzika, mtoto mgongoni, furushi la nguo kichwani, na Mama anampokea kwa furaha zote, halafu anamwambia, "Usitue mzigo kwanza. Njoo huku uani." Nilikuwa msichana mdogo, na nilikuwa namwonea haya mpaka natamani kujificha.

Enzi hizo za Mwingereza, Kinondoni ilikuwa mikorosho na nyumba chache za udongo. Baba alipofariki alituachia nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu, basi Mama akawa anapangisha viwili vya mbele kwa watu wa likizo. Walikuja walimu na makarani wa bara na familia zao, waliotaka kuiona bahari japo mara moja. Walilala kwetu na kujipikia wenyewe katika banda dogo la uani lililokuwa na mafiga, vyungu na mbuzi ya kukunia nazi. Mama hakuwapikia. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza.

Na alieleza, jamani! Komeo la mlango wa mbele huinuliwa kwanza ndipo livutwe. Ukienda chooni, kohoa. Watoto wasing'ate korosho mbichi, ganda lake litawababua midomo. Ukishuka Msasani kuogelea, angalia vidude vyeusi vyenye miiba kwenye mawe. Samaki usimwache wazi hata ukigeuka kidogo tu, paka wa mtaa huu hawana adabu. Yote hayo aliyasema akitembea, na mgeni nyuma yake na mzigo wake, akiitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" huku shingo ikimuuma.

Kituo kikubwa kilikuwa visima. Tulikuwa na kisima hapo uani, na kingine mbali kidogo, kwenye mkwaju. Cha uani maji yake yalikuwa na chumvi, ni ya kufulia na kuogea. Ya kunywa na kupikia yanatoka mkwajuni. Mama alisema hivyo zaidi ya mara moja, na bado mama wa watu akichoka alichota hapo hapo uani, akabandika maharage yake ya bara, akayachochea asubuhi mpaka alasiri, nayo magumu kama yalivyotoka guniani. Maji ya chumvi hayaivishi maharage. Mwingine aliingiwa na wasiwasi kabisa kwamba sisi watu wa pwani tumemfanyia kitu. Mimi nilikuwa nacheka nyuma ya mlango mpaka napigwa kofi.

Mama mwenyewe hakucheka wala hakuingia bandani. Alikuwa na mwiko mmoja tu katika kazi yake: hafunui chungu cha mgeni. Angesimama nje aseme, "Mama, umechota wapi?" lakini kifuniko hakigusi. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Sie hatujui wana nini mle. Pengine ni majani matupu. Kwa nini nimtie mtu haya?" Neno hilo lilinikaa.

Nikakua, nikaolewa na karani wa reli, akahamishiwa Tabora. Nauli, watoto, magonjwa, kila mwaka tukisema mwakani. Niliporudi kwa Mama nilikuwa mtu mzima, binti yangu wa mwisho amenishika kanga, na kichwani nina kifurushi cha maharage ya Tabora nilichomletea zawadi. Njia nzima nilikuwa nawaza namna nitakavyoingia bila hodi, nijitupe kwenye mkeka wake wa chumbani kama zamani.

Nilimkuta barazani. Amepungua, kichwa cheupe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaniangalia sana. Midomo ikamcheza, nikadhani atalia, na mimi nilikuwa tayari kulia naye. Akasema, "Usitue mzigo kwanza. Njoo huku uani."

Nilidhani ni utani. Si utani. Akatangulia, akaanza na komeo, linainuliwa kwanza ndipo livutwe. Mimi, niliyejifunza kutembea kwa kushikilia ule mlango! Akaja kwenye habari ya choo na kukohoa. Binti yangu anamfuata, anaitikia "ndiyo bibi" kwa adabu zote. Tukapita chumba changu cha zamani, kimejaa magunia ya makaa. Kitanda alikuwa ametutandikia chumba cha mbele, cha wageni.

Damu ikanichemka. Alipofika kwenye habari ya visima, akasema, "Sasa, maji ya kupikia..." nikamkata.

"Mama, mie nimezaliwa humu. Visima vya hapa unanifundisha mie?"

Akajifunga kanga vizuri, akasema, "Haya," akarudi barazani kwake. Nikaona uchungu usio na kifani. Miaka yote kule Tabora, nikiulizwa kwetu ni wapi, nilikuwa nasema Kinondoni, kwa mama. Kumbe kwa mama mimi ni mtu wa likizo.

Asubuhi yake niliamka na kiburi changu. Nitampikia maharage, nimpelekee barazani, aone kama huyu ni mgeni. Nikachukua ndoo mpaka mkwajuni, nikachota. Niliyaonja yale maji, nikayaona hayako sawa, nikajiambia ulimi wangu umezoea maji ya bara. Nikawasha moto bandani, nikabandika.

Jua lilipanda, likasimama kichwani, likaanza kushuka. Nilichochea, nikaongeza kuni, nikatia maji mengine. Maharage yalikuwa yanagonga chungu kama kokoto. Niliyajua, jamani, niliyajua yale maharage tangu utoto wangu, ila moyo ulikataa kusema. Binti yangu alikuja kuuliza chakula, nikamfokea bure, maskini.

Nje nikasikia ndara za Mama. Zikasimama mlangoni. Nikangoja aseme neno lake la siku zote, "Mama, umechota wapi?" na kwa kweli nilikuwa nimeshajiandaa kuumia.

Hakupiga hodi. Aliingia, akanisukuma kwa nyonga nimpishe, akafunua chungu changu. Akachota harage moja kwa mwiko, akalipuliza, akaling'ata kwa yale meno aliyobakiwa nayo.

"Mkwajuni," akasema. "Chumvi imeingia mkwajuni tangu juzi juzi hizi. Tumechimba kingine huko nyuma kwa jirani. Nilikuwa nakueleza, ukanikata kauli."

"Ulikuwa unanieleza kama mgeni, Mama."

"Ulitaka nikueleze kama nani, na wewe hujui maji yalipo?" Kisha sauti ikamshuka. "Nilikuona umesimama na mzigo, nikaishiwa maneno. Yale ndiyo yaliyonijia."

Kifuniko kilikuwa bado mkononi mwake, mvuke unampiga usoni. Nikampenda mpaka kifua kikaniuma. Nikataka kumwambia hivyo, nikaishia kusema yatupwe tu.

"Yatupwe wapi, na ni zawadi yangu? Mengine si yapo kifurushini? Chukua ndoo."

Tukatoka pamoja kupita nyuma. Jirani, mwanamke wa Kimakonde aliyehamia nikiwa Tabora, alikuwa anatwanga uani kwake. Akaniona na ndoo, akaona moshi nyuma yetu.

"Naona banda la wageni linafuka moshi leo," akamwambia Mama. "Umepata wageni?"

"Wageni wapi!" Mama akajibu, wala hakusimama. "Ni huyu mwanangu, kaniharibia maharage."