Treni ya Ami na Vumbi la Ibra

Kila Januari ikiingia, chupa yangu ya mafuta ya nazi huganda. Siku hizi nakaa Nizwa, huku Oman, katika nyumba yenye mashine ya baridi na mashine ya joto, lakini mafuta hayo hayajali mashine. Asubuhi nayakuta meupe, magumu kama samli, nami huitoa chupa nje nikaisimamisha juani ukutani, kama alivyokuwa akifanya Bibi. Yakianza kuyeyuka, harufu hunijia. Wenzangu wakiinusa hukumbuka nywele za mama zao, au wali wa nazi. Mimi, mtaniwia radhi, hukumbuka treni.

Najua mtauliza ni treni gani hiyo, na nchi yetu wakati huo haikuwa hata na hatua moja ya reli. Treni ilikuwa ya Ami Nasor, ndugu yake Baba, na ilikuwa ikienda juu ya meza.

Watu wetu walitoka Unguja mwaka ule mnaoujua, kila mmoja akashika njia yake. Baba na Bibi walizunguka kwingi kabla ya kufika Ibra kwa wazee wetu. Ami, aliyekuwa kijana asiye na mke, alitupwa mbali kuliko wote, mpaka Dublin, nchi ya Ireland, akapata kazi ya ufundi katika karakana ya treni. Alikaa huko miaka kumi. Waomani walioko ng'ambo walipoitwa warudi, alirudi na sanduku moja la nguo na manne ya reli.

Bibi hakuacha kumcheka kwa hilo. "Watoto wa wenzangu wamerudi na dhahabu," alikuwa akisema, "wangu karudi na mchezo."

Lakini haukuwa mchezo, na hilo mimi nililijua mapema, kwa sababu nilikuwa msaidizi wake. Nilikuwa na miaka tisa. Mchana Ami alikwenda kazini kwenye mitambo ya umeme, na alasiri alijifungia katika chumba kilichokuwa ghala la tende zamani. Kuta zilikuwa za udongo, nene, na sakafuni mlikuwa bado na mifereji ya kupitishia asali ya tende, kwa hiyo miguu ya meza ilibidi itegemezwe kwa vipande vya mbao isiyumbe. Juu ya meza hizo, kuzunguka kuta tatu, alikuwa akiijenga njia ya treni ya kutoka Dublin kwenda magharibi. Palikuwa na stesheni ndogo ya mawe, daraja la chuma juu ya mto wa kioo kilichopakwa rangi, na mabehewa ya kubebea ule udongo mweusi ambao watu wa huko huuchimba, wakaukausha na kuuchoma kama makaa. Majani yalikuwa unga wa mbao uliochovywa rangi ya kijani. Sijawahi kuona kijani cha namna ile, na nikadhani Ami amekosea, mpaka nilipokua nikaona picha.

Ami alikuwa hakosei. Ugonjwa wake ulikuwa huo. Reli za Ireland ni pana kuliko za Waingereza, na reli za kuchezea zinazouzwa madukani zote zilifuata kipimo cha Waingereza. Mtu mwingine angenunua hizo akamshukuru Mungu. Ami alizikata za kwake moja moja na kuziunga kwa risasi iliyoyeyushwa, kisha akatengeneza na vyuma vya magurudumu vya kuzifuata, kwa tupa, akivipima kwa kifaa kama koleo. Stesheni ikiwa na madirisha saba kwenye picha, ilikuwa na saba mezani. Neno alilolichukia kuliko matusi ni "takriban".

Siku moja nilichomeka kijiti cha mtende karibu na daraja, nikaona pamependeza. Alikitoa kwa vidole viwili, akanirudishia mkononi.

"Kule hakuna mtende, mwanangu. Tukiweka hata mmoja, pale hapawi kule tena."

Bibi, aliyesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, akadakia. "Mie udogoni nimepanda gari la moshi la Bububu. Lile lilikuwa likienda mahala. Hili lako laenda wapi?"

"Athlone, Mama."

"Likishafika?"

"Larudi."

Bibi akatikisa kichwa akaondoka. Watoto wa mtaani walimwita Ami Bu Qitar, yaani baba wa treni, na wazee wao walikuja mara moja moja kutazama, wakanywa kahawa, wakaulizana kwa adabu kama mtu huyu ana akili timamu.

Alikuwa pia na daftari. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa chuo cha Qurani watu wa umri wake, na kila treni ikipata kasoro aliandika siku, kasoro na sababu. Gurudumu la pili la kulia, limepinda, sababu: tupa imezidi. Behewa la nne, limeacha njia, sababu: mkono wangu. Hakujionea huruma humo, wala hakumwonea mtu.

Sasa niwaambie kuhusu Bwana Desmond. Ami alipofika Dublin akitafuta chumba, milango mingi ilifungwa ilipoona uso wake. Bwana Desmond, dereva wa treni, alimfungulia wa kwake, akamweka nyumbani miaka yote kumi. Ami alimtaja kama watu wanavyomtaja baba. Mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa barua ilikuja kwamba mzee ameacha kazi, macho yanaanza kumpotea, na mwanawe anayefanya kazi Muscat amemkaribisha kwa wiki mbili. Angependa kuja Ibra kwa siku moja.

Ami alikuwa amemaliza mwaka na nusu akitengeneza kichwa cha treni, kile kile alichokiendesha Bwana Desmond, cheusi na rangi ya chungwa, kwa bati la shaba. Namba ilikuwa ile ile. Hata bonde dogo la ubavuni kushoto lilikuwepo, pale mzee alipokigonga ukutani siku moja wakati wa ukungu. Ami alilitia bonde hilo kwa ncha ya msumari, akashusha pumzi kama mtu aliyemaliza kusali. Alitaka jambo moja tu: mzee akione kichwa chake kikitoka stesheni, kivuke daraja, kabla macho hayajazima.

Jumatano, siku moja kabla ya mgeni, tulikijaribu. Kilikwenda vizuri, ila kilitoa mlio mwembamba kwenye kona. Ami alisikiliza kichwa upande. "Kinataka tone moja la mafuta," akasema. "Moja, kwenye ncha ya sindano. Kesho kabla hajaingia." Akaenda sokoni kutafuta nyama ya mgeni, akaniachia ufunguo, kama alivyokuwa akiniachia siku zote.

Wenzangu, mtoto aliyelelewa na Bibi yangu anajua mafuta ya aina moja. Yalikuja kwa jamaa kutoka Pemba, ndani ya chupa za sharubati zilizozibwa kwa kitambaa. Bibi aliyapaka nywele zetu, midomo yetu ya baridi, mtoto aliyeungua, bawaba za mlango na cherehani yake. "Mafuta ya nazi hayana kosa," ndivyo alivyosema, na kweli sikuwahi kuona yamekosea. Chupa ilikuwa imesimama juani uani, mafuta yameyeyuka, maji matupu. Bibi alikuwa anasali.

Nilitaka Ami akirudi akute kichwa hakilii. Nilitaka aniambie, ahsante, mwanangu. Sindano niliiona mezani, lakini Bibi hakupaka kitu chochote tone moja maishani mwake, basi nilijaza kijiko na kumimina. Nikayazungusha magurudumu kwa kidole, yakaenda kimya kabisa. Nikafuta meza, nikafunga mlango, nikaamua kutosema mpaka yeye mwenyewe agundue.

Usiku ule baridi ilishuka. Alfajiri Ami aliondoka kwenda Bidbid, pale njia ya Ibra inapoachana na ya Nizwa, amngoje mgeni asije akapotea. Sindano na tone lake aliviacha mpaka atakaporudi.

Walifika kiasi cha saa nne. Bwana Desmond alikuwa mrefu, mwekundu, mwenye mikono mikubwa, akampa Bibi salamu kwa kuweka mkono kifuani, jambo ambalo bila shaka alifundishwa njiani. Nilimwamkia shikamoo, na Ami akamnong'oneza, naye akaitika "marahaba" kwa sauti ya mtu anayekula kitu cha moto. Alikula halwa mara mbili. Hakuweza kungoja zaidi, wala Ami hakuweza, tone la mafuta likasahauliwa, wakaingia ghalani, sisi nyuma yao.

Mzee alikiinamia kichwa mpaka pua ikakigusa. Kidole chake kilipita ubavuni, kikalikuta lile bonde. Akavua miwani, akacheka, kisha akaacha kucheka akaifuta miwani kwa muda mrefu. Ami akazungusha swichi.

Kichwa kikanguruma, hakikusogea. Ami akaongeza umeme. Kikanguruma zaidi, ukatoka moshi mwembamba, na chumba kizima, mle ndani ya Ireland yake isiyo na mtende wala mnazi, kikajaa harufu ya jikoni kwa Bibi.

Ami alizima upesi, akakigeuza kichwa. Kutoka nilipokuwa niliona mafuta meupe yameganda katikati ya magurudumu, kama ukoko. Alikitazama. Kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama mifereji ya sakafuni.

"Kimefanyani?" Bibi akauliza.

"Vumbi, Mama," Ami akasema. "Vumbi la Ibra." Na kwa Kiingereza akamwambia mgeni neno hilo hilo, ambalo skuli tulikuwa tumekwisha kulisoma.

Mzee akanyoosha mkono. Alikirudisha kichwa juu ya reli, akaweka kidole nyuma yake, akakisukuma polepole, huku akitoa mngurumo mdogo kwa kinywa, kutoka stesheni mpaka darajani. Ami alitembea pembeni yake. Hakuna aliyecheka, hata Bibi.

Mgeni aliondoka baada ya alasiri, akisema inshallah mwakani. Magharibi Ami aliniita. Alikuwa na bisibisi mkononi, kichwa kiko mbele yake.

"Zuwena, una la kuniambia?"

"Sina, Ami."

Alingoja. Nakumbuka alingoja sana, akiigeuzageuza ile bisibisi. "Haya," akasema, "kamsaidie Bibi yako."

Mnajua nilihisi nini? Nafuu. Nilijiambia, Ami hakosei, na Ami amesema ni vumbi. Naye kwa siku zilizofuata alilifanya vumbi hilo kuwa kweli. Alining'iniza shuka zilizoloweshwa madirishani. Aliweka mkeka wa pili mlangoni, akamkataza Bibi kukung'uta majamvi upande ule, na Bibi akanung'unika mwaka mzima. Mtu yule ambaye hakukubali dirisha moja lizidi aliutunza uongo wangu kwa ufundi wake wote. Mimi nikasaidia kulowesha shuka.

Bwana Desmond hakuja mwakani. Mwaka wa pili ilikuja barua ya mwanawe kwamba amefariki, na kwamba mwishoni alikuwa haoni kabisa. Ami aliisoma amesimama uani, akaikunja, akaniona nikianua nguo.

"Zuwena. Una la kuniambia?"

Nilikuwa na miaka kumi na moja, nilikuwa najua kila kitu, mdomo ulikuwa tayari. Nikasema, "Mungu amrehemu, Ami." Hakuniuliza tena. Hata siku ya harusi yangu, aliposhika mkono wangu muda mrefu kuliko wengine, hakuuliza, na mimi nikamwambia asile halwa nyingi kwa sababu ya sukari yake.

Bibi alipenda kusema mficha maradhi, kilio humfichua. Kilio chenyewe kilikuwa cha kifo cha Ami. Baada ya siku za tanzia, Baba alinipa masanduku ya treni, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa msaidizi. Kichwa kile kilikuwa chini kabisa, kimefungwa kitambaa, hakikutengenezwa wala kusafishwa. Nilikifungua, na harufu ilikuwa bado imo, imechacha kidogo.

Miaka yote nilidhani hakukitengeneza kwa kukata tamaa. Ami aliyeunga reli moja moja angeshindwa na mota? Sasa naamini alikuwa akiningoja. Alikuwa amenitengea kazi hiyo tuifanye pamoja, siku nitakayosema, na siku hiyo nilikuwa nayo mkononi zaidi ya miaka ishirini.

Daftari lilikuwa chini ya kichwa. Nililisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kila kasoro na sababu yake, mwandiko ule mdogo usio na kosa. Siku ya Bwana Desmond ina mstari mmoja. Kichwa, kimekwama, mota imeungua, sababu: na hapo pana neno limekatwa. Ndilo pekee lililokatwa katika daftari zima. Ukiliinua kwenye mwanga linasomeka, mafuta. Pembeni yake ameandika, vumbi.

Mara mbili nimeketi na kalamu nilisahihishe, niandike mafuta ya nazi, mkono wa Zuwena. Lakini wa kulisoma hayupo, na mbele yake ndipo nilipopaswa kulisema. Basi nimeliacha lilivyo, na linaendelea kunidanganyia.