Fundi Asiyefungua Kompyuta Bila Mwenyewe

Saa mbili asubuhi, fundi anavua bangili zake, anazitia mfukoni na kuilaza kompyuta ubavu juu ya meza. Hajagusa skrubu hata moja.

"Sogea, mama, simama hapa uone," anamwambia mteja. "Mimi sifungui mashine huku mwenyewe akiwa kule kwenye kiti."

Mtaani anaitwa Shangazi Bisibisi, na jina limemkaa. Ana chumba kimoja cha kazi, feni inayolalamika kuliko wateja, na ulimi usiojua kubembeleza. Kwa miaka tisa amekuwa akifufua kompyuta za nyumbani zilizochoka, zile zinazoganda ukifungua kitu cha pili.

Mteja wa leo ni mchapaji. Huchapa tasnifu na barua za watu sebuleni kwake, na kazi hiyo ndiyo inayomlisha yeye na binti zake wawili. Mashine ilipoanza kuwa nzito, aliipeleka kwenye duka moja kubwa. Ilirudi ikiwa konokono. Wakamwambia imezeeka, anunue mpya. Ili apate pesa za kununulia, anauza cherehani ya marehemu mama yake; mnunuzi ameshapatikana, naye anakuja kuichukua jioni hii.

Kifuniko kinatoka. Vumbi limetanda kila mahali, isipokuwa sehemu moja. Kuna nafasi mbili za ramu, zile kadi ndogo zinazoipa kompyuta kumbukumbu ya kufanyia kazi. Moja ya nafasi hizo iko tupu, tena safi kabisa.

"Ulikuwa na ramu mbili, mama. Mtu kachomoa moja juzijuzi tu," anasema Shangazi. "Kakwambia imezeeka, kumbe kaikata mguu mwenyewe!"

"Lakini walinikaribisha chai," mchapaji ananong'ona. "Wakaniita mama."

"Ndiyo, ukanywa chai wenzio wakichomoa!"

Shangazi ana hasira, na haifichi. Aliwahi kuajiriwa kwenye duka la aina hiyo. Mashine zilifunguliwa chumba cha nyuma, nyuma ya pazia, wateja wakisubiri mbele. Alipouliza pazia ni la nini, aliambiwa kesho asije.

"Mwizi wa kuku anapigiwa yowe mtaa mzima," anasema. "Huyu wa ramu nani atampigia yowe, na mwenye mali hajui hata kama kaibiwa?"

Anaichomoa ramu iliyobaki, anaisugua meno yake, yale ya rangi ya dhahabu yanayoingia kwenye nafasi, kwa kifutio cha penseli mpaka yang'ae, na kuirudisha. Pembeni anapachika nyingine, aliyoitoa kwenye mashine iliyokufa. Kisha anaiwasha kompyuta na kuzima programu zote zinazojiwasha zenyewe bila kuitwa. Tasnifu tatu zinafunguka kwa pamoja, na hakuna kinachoganda.

Mchapaji anampigia simu mnunuzi. "Cherehani haiuzwi tena. Samahani, kaka, haiuzwi."

Shangazi hatabasamu. Anasema anachotamani ni kuwafundisha wanawake wote wa mtaa kufungua mashine zao, kuanzia Jumamosi hii. "Wakiambiwa 'subiri hapa,' wajibu 'sisubiri.'"

Anachukua kifuniko ili akirudishe.

"Usikifunge," mchapaji anamzuia. Anachomoa nyaya, anaikumbatia kompyuta yake ubavu wazi, na kwenda nayo mlangoni. "Naipeleka hivihivi dukani kwao, mbele ya wateja wao. Shangazi, unakuja, au niende peke yangu?"