Pharmtech wangu wa miaka tisa aliondoka Ntimaru, nikamfuata hadi Mbita

Wakuu, salamu kutoka Ntimaru, huku Kuria. Nimechoka, kwa hivyo sitapamba. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na pahali nilikosea nitasema.

Mimi ni pharmtech, mtaalamu wa dawa, niko na chemist, duka la dawa, hapa sokoni.

Miaka tisa nilifanya kazi na Akinyi, pharmtech mwenzangu, mzaliwa wa Mbita, kule ziwani. Alikuja hajui hata neno moja la Kikuria. Akajifunza, juu wamama wazee walikuwa wanaitikia tu "ndio" kwa Kiswahili, halafu wanaenda kumeza dawa vibaya. Wasiojua kusoma aliwachorea jua na mwezi kwa bahasha ya dawa, wajue ya mchana na ya usiku.

Mimi nikazoea. Siku tatu kwa wiki nilikuwa shambani Kegonga bila wasiwasi.

Mwaka jana akaniandikia barua ya kuacha kazi. Mistari miwili. Nikadhani ni mshahara, nikasema nitaongeza. Akasema asante, akaenda.

Tangu hapo nimeajiri watu watatu. Wa kwanza alipata kazi ya kaunti. Wa pili akasema Ntimaru ni mbali sana na kwao. (Simlaumu.) Wa tatu ni Boke. Ana bidii, lakini ametoka college juzi.

Siku moja niko Kegonga, mzee mmoja akaja kuchukua dawa yake ya presha. Boke akampea ya sukari. Pakiti zinafanana, na laini ya wateja ilikuwa imefika nje.

Sukari ya mzee ikashuka, akaanza kutetemeka na kutoka jasho akichunga ng'ombe. Mkewe akamnywesha chai yenye sukari nyingi, wakamkimbiza hospitali. Akapona, Mungu ni mwema.

Boke alilia hadi nikaona aibu. Nani alimwacha peke yake? Ni mimi.

Wiki hiyo nikaenda Mbita. Nikampata Akinyi kwa chemist ndogo karibu na ferry.

"Daktari! Umefika mpaka huku?" Akanivutia kiti.

Nikamweleza yote. Nikamwambia, "Rudi, Akinyi. Sema tu unataka nini."

Akaketi mbele yangu.

"Mama akiwa mgonjwa niliomba ruhusa mara tatu. Kila mara ulisema, ngoja nitafute mtu wa kukushikia. Hukutafuta. Nilikuja kumzika tu."

Wakuu, nilikumbuka mara moja tu. Zile zingine mbili hata sikuwa nimesikia.

Nikasema pole. Ilitoka ikiwa ndogo sana.

"Sirudi," akasema. "Lakini huyo msichana, mlete wiki mbili nimwonyeshe kazi. Hao wazee ni watu wangu pia."

Nilimpeleka. Hizo wiki mbili nilisimama kwa counter peke yangu, na ndio nikajua mtu mmoja alikuwa amebeba nini miaka hiyo yote.

Boke alirudi, akapanga shelf upya, dawa za sukari upande wake. Siku zake za off ziko ukutani, na akitoka mimi ndio naingia. Mgongo unauma. Shamba limekuwa msitu. Kama atakaa, sijui.

Nilichojifunza: mimi nilidhani mtu akinyamaza ameridhika. Kumbe amechoka kuniambia.

Nyinyi mlioajiriwa, semeni ukweli hapa: ni kitu gani boss wako angekuuliza leo, kabla hujaandika hiyo barua?