Mjomba Dhidi ya Mjomba

Mjomba wangu, mdogo wake mama, ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyewahi kushindanishwa na yeye mwenyewe, akashindwa. Naweza kulisimulia jambo hili kwa utulivu, maana mimi nilikuwa upande ulioshinda.

Alikuwa mwalimu wa fizikia shuleni kwetu. Alikuwa mwalimu wa mkataba, yaani kila mwisho wa muhula alisubiri kuambiwa kama muhula unaofuata yumo au hayumo. Aliishi nasi katika chumba cha nyuma ambacho kabla yake kilikuwa stoo, na vitabu vyake vilipangwa juu ya ndoo zenye vifuniko kwa sababu rafu haikuwepo. Nyumbani nilimwita Mjomba, shuleni nilimwita Mwalimu, na siku nilizochanganya darasa zima lilinicheka. Wenzangu walimwita Malizieni.

Jina hilo alilipata kihalali. Walimu wengi wana tabia ya kuacha sentensi njiani ili wanafunzi waimalizie, lakini yeye alivuka mpaka. “Chuma kikipata joto, kinata...” anasema huku mkono uko hewani. Nasi tunaitikia, “Nukaaa!” Mtu anaweza kuitikia hivyo tangu kidato cha kwanza mpaka anamaliza shule bila kujua anachokiitikia. Nimekaa dawati moja na watu wa aina hiyo.

Ila Mjomba alikuwa na dawa yake. Akishaitikiwa aliuacha ubao, akageuka na kututazama usoni mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayechagua mchele. Akimkuta aliyeitikia kwa mdomo tu na macho hayamo, anarudi mwanzo wa somo. Wenye akili nyepesi walikoroma. Kwa mtindo huo hakuwahi kumaliza silabasi hata mwaka mmoja, na mkuu wa shule alikuwa akimkumbusha jambo hilo katika kila kikao.

Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka tu, mwenye imani kubwa na namba. Alipenda kusema kwamba takwimu hazisemi uongo, na alilisema hilo hata alipokuwa anaongelea idadi ya fagio. Basi shule ilipopewa msaada wa skrini kubwa ya ukumbini pamoja na kamera, aliagiza masomo yarekodiwe, na wa kwanza kujitolea alikuwa Mjomba. Likizo nzima alipiga pasi shati lile lile la bluu.

“Mchimba kisima huingia mwenyewe,” mama alimwambia, akiwa anamenya vitunguu.

“Dada, hii ni teknolojia. Siku nikiugua watoto hawatakosa somo.”

“Siku ukiugua watakuletea machungwa. Ukishakaa kwenye skrini hata hawatajua unaumwa.”

Alicheka, akaenda zake. Kurekodi kulimshinda siku ya kwanza. Katika darasa tupu, mbele ya kamera, aliacha sentensi hewani na hakuna aliyeidaka. Alitoka jasho. Ndipo nikaitwa nikakae kwenye dawati la mbele ili apate walau uso mmoja wa kuutazama. Karani wa shule, aliyekabidhiwa kamera kwa sababu tu simu yake ilikuwa kubwa kuliko za wengine, alinikataza kutoa sauti. Kwa hiyo Mjomba aliuliza, nikaitikia kwa kichwa kimyakimya, naye akasema, “Vizuri sana! Tuendelee.” Tulifika mwisho wa silabasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika huko, na alinunua soda tatu, yangu, yake na ya karani.

Shule ilipofunguliwa, mkuu alieleza mpango wake waziwazi. Kidato chetu kilikuwa na mikondo miwili. Mkondo wa kwanza ungesomea ukumbini kwa skrini, karani akisimamia. Mkondo wa pili ungesoma na Mjomba mwenyewe darasani. Mwisho wa muhula wote wangefanya mtihani mmoja, uliotungwa na mwalimu wa shule nyingine. Skrini ikifanya vizuri kumzidi, mkataba wa Mjomba hautaongezwa, kwa kuwa shule haiwezi kumlipa mtu mmoja mara mbili.

Mjomba alituletea habari hizo wakati wa chakula, akazicheka peke yake.

“Umejikaanga kwa mafuta yako,” mama alisema. Kisha akamwongezea mboga.

Mimi niliangukia mkondo wa skrini. Sitaki kumsingizia Mjomba wa skrini, maana nilimpenda. Alisikika mpaka kiti cha nyuma, wakati Mjomba wa darasani huongea na ubao. Hakukohoa wala kukasirika, na hakuna aliyeweza kumchelewesha. Michoro yake ilikaa mbele yetu mpaka tukaimaliza kunakili. Aliyesinzia aliweza kuomba arudishwe nyuma bila kufokewa. Watu wanaosema mashine haifundishi hawajawahi kukaa nyuma ya darasa lenye mwalimu mwenye mafua.

Kasoro moja tuliigundua mapema, tukaifanya mchezo. “Chuma kikipata joto, kinata...” alisema Mjomba ukutani, mkono hewani, akatusubiri. “Pikaaa!” ukumbi mzima ukaitikia, kwamba chuma kikipata joto kinatapika. Mjomba akatabasamu kwa fahari. “Vizuri sana! Tuendelee.” Karani naye alicheka mpaka akavua miwani. Tulirudia mchezo huo kwa kila somo, na kila mara tulisifiwa. Ulikuwa ukumbi wenye furaha kuliko darasa lolote nililowahi kusoma.

Furaha ilikwama kwenye somo la kuchemka. Mjomba wa skrini alisema kwamba maji yakishaanza kuchemka joto lake halipandi tena, hata ukizidisha moto. Tuliandika. Kando yangu alikaa msichana tuliyemwita Wakili, kwa sababu alibishana hata na kengele. Aliinua mkono.

“Kwa nini? Nikiongeza moto, ule moto unakwenda wapi?”

Karani akarudisha nyuma. Mjomba akasema vilevile, kwa mkono uleule na tabasamu lilelile. Wakili hakushusha mkono. Karani akarudisha tena.

“Binti, amesema mara tatu,” karani akamwambia. “Unataka akuapie?”

Jioni ile Wakili alipiga hodi kwetu. Mjomba alikuwa anafua soksi. Aliziacha kwenye beseni, akampeleka jikoni moja kwa moja, akafunua sufuria ya mama iliyokuwa inachemsha viazi, akatumbukiza kipimajoto cha maabara.

“Hicho kijiti kimepita wapi kabla ya viazi vyangu?” mama akauliza.

“Kimeoshwa, dada. Wakili, soma. Haya, zidisha moto. Soma tena.”

Wakili akasoma. Namba ilikuwa ileile. Mjomba alimwacha atazame sufuria, na mvuke ulikuwa unapanda mwingi kuliko mwanzo, mpaka dirisha likafanya ukungu. Mjomba alimtazama Wakili usoni, akasubiri bila haraka yoyote.

“Unatoka,” Wakili akasema polepole. “Moto ninaouongeza unayageuza maji kuwa mvuke. Unatoka nao.”

“Kwa hiyo viazi vitaiva upesi zaidi?”

“Haviivi upesi. Maji yanaisha tu.”

Mama aliweka mwiko chini. “Yaani miaka yote hii nazidisha moto, nilikuwa namlisha nani?”

“Mvuke, dada.”

“Na hukuniambia? Unakula kwangu na hukuniambia!”

Kesho yake Wakili alikuja na wenzake. Kabla ya muhula kufika katikati, karibu mkondo wote wa skrini ulikuwa unapita kwetu jioni kabla ya giza, wakikaa barazani juu ya makopo ya rangi na matofali. Mchana walitazama, jioni waliuliza. Mjomba alirudi mwanzo kwa kila aliyekwama. Wale wa mkondo wa pili hawakuja, maana wao walimchosha mchana, darasani, na kwa sababu ya maswali yao walikuwa bado sura mbili nyuma.

Hesabu hiyo haikuhitaji fizikia. Siku moja walipoondoka nilimwambia.

“Mjomba, hawa ni wa skrini. Wakifaulu, mkataba wako umekwisha.”

“Najua.”

“Sasa mbona unawafundisha?”

“Mtoto amekuja mpaka mlangoni kuuliza, nimwambie arudi? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.”

“Na anayejibu bure analo nini?” mama alidakia kutoka ndani. Kisha akanigeukia mimi. “Wewe feli kidogo basi, umsaidie mjomba wako.”

Alikuwa anatania, lakini si kwa moyo wote. Mjomba hakucheka. Alisimama, akaninyooshea kidole, na ndiyo mara pekee niliyomwona amekasirika kweli. “Usithubutu. Ukiharibu karatasi kwa ajili yangu, usiniite mjomba tena.” Akaingia chumbani kwake, na tulisikia kifuniko cha ndoo moja kikianguka.

Basi sikuharibu. Nilisoma kuliko nilivyowahi kusoma, na katika mtihani lilikuja swali la mama mmoja anayezidisha moto chini ya sufuria inayochemka. Ukumbi mzima wa skrini ulilijibu bila kutafuna kalamu. Mkondo wa pili nao walilijibu. Lakini sura mbili za mwisho za muhula huo hawakuwa wamezifikia, na maswali ya sura hizo yalikuwa mengi.

Mkuu wa shule alisoma matokeo mstarini. Skrini ilishinda kwa alama chache. “Takwimu hazisemi uongo,” alisema, na safari hii alikuwa na haki ya kulisema. Jina langu lilisomwa miongoni mwa waliofanya vizuri. Mjomba alikuwa amesimama na walimu wenzake, shati la bluu, akipiga makofi. Nilienda mbele kupokea kalamu ya zawadi, na niliona aibu. Sikujua kabla ya siku ile kwamba mtu anaweza kuonea aibu alama nzuri.

Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka ofisini kwa mkuu wa shule, bila ruhusa ya mtu. Ofisi ilikuwa ndogo, ina kabati la vikombe vya michezo na feni isiyozunguka. Nilimwambia kila kitu: baraza, makopo ya rangi, sufuria ya viazi. Nilimwambia kwamba skrini haikushinda, bali Mjomba alishinda mara mbili na kuhesabiwa mara moja. Sentensi hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi njiani.

Aliweka kalamu chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, na niliona uso wake unafunguka, nikajua nimemgusa.

“Kumbe mchana wanatazama, jioni wanauliza?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Kwenu? Barazani?”

“Ndiyo.”

“Na hawamlipi kitu?”

“Hawamlipi, Mwalimu.”

Alisimama, akasogea dirishani akisugua viganja. “Lakini huu ndio mpango kamili! Nilikuwa najiuliza maswali yao tutayafanyaje. Mwambie mjomba wako aendelee hivyohivyo. Shule itamwandikia barua ya shukrani.” Alinipa mkono. Alikuwa amefurahi kwa dhati, na hilo ndilo lililonikata maini.

Nyumbani nilirudisha maneno kama yalivyo. Mjomba alikuwa anashona kifungo.

“Alisema ‘aendelee’?”

“Ndiyo.”

“Alitumia neno hilo?”

“Ndiyo, Mjomba.”

Alikata uzi kwa meno, akavaa shati kuona kama kifungo kimekaa sawa. Hakunigombeza kwa kwenda kusema. Afadhali angenigombeza.

Muhula mpya ulipoanza, mikondo yote miwili ilihamia ukumbini. Mjomba alipata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kupima misumari na kubeba mabati, na alirudi jioni mikono ikinuka kutu. Alikula mapema na kuongea kidogo. Wiki ya kwanza hakuna aliyekuja, kwa kuwa Mjomba wa skrini alikuwa anarudia mambo tuliyoyajua. Wiki ya pili alianza sura ya umeme. Alisema sentensi moja ambayo hakuna aliyeielewa, akatuacha tumalizie, hatukumalizia, akatusifu.

Jioni hiyo hodi ilipigwa. Tulikuwa sebuleni watatu. Kupitia dirisha nilimwona Wakili mbele, na nyuma yake kundi la mikondo yote miwili, daftari kwapani, wengine wameshaanza kuvuta makopo ya rangi. Mjomba aliinuka na kuanza kutafuta ndala zake kwa miguu. Mama alimtangulia mlangoni.

“Hodi, mama. Mwalimu yupo?”

“Mwalimu mmemwacha shuleni, ukutani,” mama alisema. “Rudini mkamwashe.”

Baadhi walicheka, wakidhani ni utani. Wakili hakucheka.

“Lakini mama, yule hajibu.”

“Najua,” mama akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi hata kidogo. Akafunga mlango polepole, akabaki amelishika komeo.

Mjomba alikuwa amesimama katikati ya chumba, ndala moja mguuni. Tulisikia makopo yakirudishwa mahali pake, na miguu ikipungua barazani. Alisubiri mpaka pakawa kimya, akaivua ndala, akaketi. Mimi nilikuwa na sentensi ile ile ya umeme kwenye daftari langu, nimeipigia mstari, na sikuielewa hata neno. Nililifunga daftari, nikalikalia.