Verna, Mkia wa Msafara

Wale wageni hawakupita. Walipokutana naye kwenye njia ya msituni walipunguza mwendo, wakasimama, na yule aliyetangulia akafunua kioo cha helmeti yake.

"Mama, wenzako wengine tuwangoje?"

"Wengine wepi?" Verna Rautio aliuliza.

"Kiongozi wenu katuonyesha vidole vitano. Nimehesabu wawili wamepita, na wewe wa tatu umeinua ngumi. Kuna watu wamekwama huko nyuma?"

Huku kaskazini mwa Michigan njia za pikipiki za theluji ni nyembamba, zina kona za ghafla, na watu wakipishana hawana nafasi ya kupigiana soga. Wa mbele huinua vidole kuonyesha ni wangapi wanaomfuata. Wa mwisho huinua ngumi, maana yake nyuma yangu hakuna mtu. Hata mtoto anayepakatwa na baba yake anajua hivyo, na mtu mzima akitania kwa vidole vyake njiani, ataambiwa abaki nyumbani na televisheni yake.

"Hakuna mtu," Verna alisema. "Yule mzee wetu anapenda mzaha. Nendeni salama."

Wageni wakacheka, wakaenda zao. Verna alibaki amekaa juu ya pikipiki yake, injini ikinguruma. Orrin Tregear alikuwa mtu wa mizaha kweli, lakini si kwa vidole vya njiani. Tena hii haikuwa mara ya kwanza. Mwanzoni mwa msimu mwanamke mmoja alimsimamisha akamuuliza swali hilohilo. Watano ndio waliokuwa wakimfuata Orrin zamani, rafiki yao Walt akiwa hai, na Marlene, mke wa Orrin mwenyewe, akiwa hai. Wote wawili walikwisha kuzikwa, na Orrin bado anawahesabu.

Verna aliwahi kuwa dereva wa basi la shule, kazi ya kuwarudisha watoto wa watu kwao katika theluji inayofika madirishani, ambayo hakuna anayekushukuru kwayo, ila siku ukichelewa utapigiwa simu na mji mzima. Mumewe alimwacha katikati ya Januari kwa ajili ya mwanamke wa Green Bay. Alimwachia paka, paa linalovuja, na pikipiki ya theluji ambayo Verna hakujua hata kuiwasha. Mjini watu walimhurumia, lakini ile huruma ya kuchungulia dirishani. Waliobisha hodi ni Orrin na Marlene. Hawakumpa pole wala nini. Walimwambia avae nguo nzito, wakampeleka kambini kwao, nyumba ya magogo kando ya ziwa ambako marafiki wale walikutana kila majira ya baridi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Verna hakuhitaji kufundishwa methali hiyo.

Siku hiyo ya kwanza alijua atawekwa katikati, kama mgonjwa. Orrin akamweka mwisho.

"Huyu hajui hata breki iko wapi!" Walt alilalamika.

"Atajua," Orrin alijibu. "Wa nyuma mimi simwoni. Kwa hiyo nataka awe mtu ambaye sina haja ya kumtazama."

Mwanamke aliyetoka kuambiwa na mumewe kwamba hafai kitu alilisikia neno hilo, akalishika. Tangu hapo akawa mkia wa msafara. Aliyekwama alimkwamua, aliyeishiwa mafuta alimpa, aliyeanguka alimwinua na kumcheka kidogo kwa faida yake.

Sasa neno la kumwambia Orrin lilikuwa kooni na halitoki. Kumwambia kwamba akili yake inapotea njia ni kumnyang'anya nafasi ya mbele, na mbele ndiko Orrin alikokuwa Orrin. Kunyamaza nako kulikuwa na hatari yake, maana kesho yake walikuwa wavuke ziwa.

Kambini jiko la kuni lilikuwa limekolea. Dale Kinnunen na mkewe Colette walikuwa wametangulia kuingia, na Dale alikuwa akijinyoosha mgongo, huo mgongo uliomfanya msimu huu anunue pikipiki ya magurudumu manne, ang'oe magurudumu na kuifunga mikanda ya mpira ili itembee juu ya theluji.

"Hilo trekta lako," Orrin alimwambia, "kesho litalima nini? Viazi?"

"Litakulima wewe, mzee. Ukikwama nakufunga kamba, nakuburuta hadi nyumbani kama ndama."

"Kwa mwendo ule? Tutafika theluji imeshayeyuka."

Walicheka. Colette akatoa kwenye jiko pasti, sambusa kubwa za kuoka, zimejaa nyama, viazi na vitunguu, na harufu ikatuliza kila mtu. Orrin alitandika meza huku akipiga mluzi. Aliweka sahani sita.

Colette alizitazama. Kisha akachukua mbili bila neno, akazirudisha kabatini, na Dale akawa ghafla na shughuli kubwa ya kukagua dari. Verna akajua kwamba si yeye peke yake anayejua. Wote walijua, na wote walikuwa wameshona midomo. Watu wa huku huiita heshima. Ni woga tu, wala hauna jina jingine. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hawa walikuwa wakimficha mwenzao maradhi ya mwenyewe.

Jumamosi anga lilikuwa jeupe na ziwa jeupe, hata usione panapokutana. Mahali mto unapoingilia ziwani barafu haikomai, hata katika baridi ya kupasua miti, kwa sababu maji yanatembea chini yake. Kila mara Orrin alipokaribia hapo alikata kulia, akazunguka mbali, karibu na misonobari ya ng'ambo. Wenzake walikata alipokata. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, wala aliyejifunza kona ile kwa kichwa chake mwenyewe, isipokuwa Verna, kwa kuwa wa mwisho huona mstari mzima.

Sasa atakata, Verna aliwaza. Sasa hivi.

Orrin hakukata. Alikwenda moja kwa moja, mgongo umenyooka, na Dale alimfuata, na Colette alimfuata mumewe.

Wa mwisho hapiti wenzake. Hiyo ni sheria, na Verna hakuwahi kuivunja. Alibana eksileta hadi mwisho. Alimpita Colette, akalipita trekta la Dale, theluji ikimpiga kifuani, akafika ubavuni kwa Orrin na kumkatia mbele kabisa ya skii za kutelezea za pikipiki yake. Orrin alishika breki, pikipiki ikazunguka, ikaegemea upande mmoja, ikarudi chini kwa kishindo. Mbele yao, mahali jiwe lingefika ukilitupa kwa nguvu, theluji ilikuwa na rangi ya majivu, na imelowa.

Dale alifika akipiga kelele. "Verna! Umerukwa na akili? Ungemuua!"

Verna alivua helmeti. Alimwona Orrin akimtazama, kisha akiitazama ile theluji ya kijivu, kisha akimtazama tena, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua.

"Eksileta imekwama," Verna alisema. "Samahanini. Imekwama, sikuweza kuizuia."

Dale alitazama mbele. Alikiona alichokiona, na rangi ikamtoka. Kisha akacheka, kicheko kikubwa kuliko utani wenyewe. "Basi kaiuze chuma chakavu, mama! Utatumaliza!"

"Turudi," Colette alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nimeganda."

Wakarudi kwa kufuata nyayo zao wenyewe.

Alasiri Verna alikwenda nyuma ya sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, kuchukua kuni, akamkuta Orrin anapasua magogo. Shoka lilipanda na kushuka vizuri tu. Mikono yake haikuwa imesahau chochote.

"Eksileta yako nimeijaribu," Orrin alisema bila kugeuka. "Nzima kabisa."

Verna aliinama akaanza kuokota kuni.

"Nilikuwa naelekea mdomo wa mto."

"Ndiyo."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu msimu uanze. Watu wa njiani waliniuliza juu ya vidole vyako."

"Tangu msimu uanze." Orrin alilichomeka shoka kwenye kisiki, akaketi juu ya kuni. "Nikwambie kukoje kule mbele? Nafika njia panda, sijui kushoto wala kulia. Najifanya nakaza glavu. Natafuta nyayo za waliopita jana, nazifuata, naomba Mungu wawe walikuwa wanakwenda tunakokwenda. Na nyinyi huko nyuma mnanifuata tu. Nikawa najiambia, ningekuwa nimeharibika wangesema. Verna angesema. Hajasema, basi ni uzee tu."

"Nilikuwa nailinda heshima yako, Orrin."

"Heshima ninayo tele, mama. Nilikuwa naogopa. Peke yangu, msimu mzima, na watu watatu nyuma yangu."

Verna alilia hapohapo, amekumbatia kuni, bila hata mkono wa kujifutia. Alikuwa amejiona mwema miezi yote hiyo, kumbe wema wake ulimwacha rafiki yake porini. Orrin alimtazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni Verna.

"Kesho utaongoza wewe," alisema. "Uwaambie wenzetu. Na mimi uniambie tena, maana kufika kesho huenda nimeshasahau kwamba tumeongea."

Aliisema kama mzaha. Hawakucheka.

Verna alikusudia kusema mezani. Lakini Orrin alikuwa akiwafunga wote kwenye karata, anamtukana Dale kwa furaha, anamwita mkulima, anamwita mgongo mbovu, na hakuwahi kuonekana mzima kama alivyoonekana pale. Ulimi wa Verna ukamganda tena. Akajiambia asubuhi haiko mbali.

Asubuhi Orrin alikuwa wa kwanza kutoka. Walipobeba mizigo nje walimkuta ameshawasha pikipiki yake, ameielekeza njiani mbele ya zote, na anapiga mluzi.

"Haya, wavivu!" aliita. "Ziwa linatungoja!"

Dale aliacha kufunga kamba. Colette alimtazama Verna, na macho yake yalisema waziwazi: sema wewe, mimi siwezi. Verna aliwasha pikipiki yake, akawapita wote, akaisimamisha mbele ya skii za Orrin.

"Eksileta tena?" Dale alijaribu.

"Leo naongoza mimi," Verna alisema.

Orrin alicheka. "Tangu lini?"

"Tangu jana. Tulikubaliana kule penye kuni."

"Hatukukubaliana kitu." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Nimewaongoza watu hapa wewe hujui hata kuiwasha hiyo. Ondoka mbele yangu, Verna. Nani kasema siwezi?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema ukifika njia panda hujui pa kwenda. Ulisema unajifanya unakaza glavu. Ulisema unaogopa." Alikuwa akisema mbele ya Dale na Colette, na kila neno lilikuwa kama kumvua nguo mzee wa watu hadharani, lakini hakusimama. "Jana ulikuwa unatupeleka mdomo wa mto. Ukaniambia niwaambie wenzetu, na nikwambie na wewe."

Orrin alizima injini. Walimwona akitafuta kichwani mwake, akitafuta kwa bidii, kama mtu anayepekua mifuko yote ya koti, na hakupata kitu. Hasira ilimtoka kidogokidogo, ikabaki hofu tupu. Aliwatazama Dale na Colette. Colette aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka. Dale alitazama buti zake.

"Hayo nilikwambia wewe?" Orrin aliuliza.

"Mimi."

"Nililia?"

"Hapana. Niliyelia ni mimi."

"Hilo naliamini," Orrin alisema.

Akashuka kwenye pikipiki. Akasimama kando yake kwenye theluji, mikono imelegea, kama mgeni aliyefika katikati ya karamu.

"Basi niambie," alisema. "Nikae wapi?"

"Nyuma yangu. Karibu kabisa nami."

Dale alikwenda akashika usukani wa pikipiki ya Orrin upande mmoja, Orrin upande mwingine, wakaisogeza pamoja nyuma ya ile ya Verna, na safari hii hapakuwa na neno juu ya trekta wala viazi. Verna alingoja hadi Orrin alipoketi, akavaa glavu, akainua mkono kwamba yuko tayari. Ndipo Verna akawasha, akaondoka polepole.