Seva Tatu, Ruta Moja na Ukatibu wa Shangazi

Naona haya hata kuanza, lakini nyinyi ni watu wangu na mmeshanicheka kwa mengi, kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe jinsi nilivyomvua shangazi yangu ukatibu, mbele ya watu karibu mia mbili, siku ya jua zuri kabisa pale Kisarawe, kwa mstari mmoja tu wa maandishi nilioubadilisha huku natazama mvua.

Kwanza mnijue nilivyo. Mimi ni fundi wa mifumo ya kompyuta, nina kachumba kangu ka kazi Maili Moja, ghorofani juu ya duka la nondo, na tatizo langu tangu utotoni ni kuota macho wazi. Mwalimu akifundisha mimi niko dirishani, mama akinituma chumvi narudi na kiberiti (siku nyingine sirudi kabisa, mpaka nifuatwe). Sasa shangazi Mwajuma, dada yake baba, alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa korosho huko kwao Kisarawe, na kila msimu alikuwa anaandika kwa mkono majina ya wanaotaka miche, madaftari kwa madaftari, mpaka vidole vinamkakamaa. Akaniambia, "Mwanangu, nitengenezee kitu watu wajiandikishe kwa simu." Wenzake wakambishia miezi mizima, naye siku moja uvumilivu ukamwishia, akasimama kikaoni akasema ikifika adhuhuri ya siku ya kujiandikisha kitu hicho hakijafanya kazi, basi wachague katibu mwingine. Shangazi haongei hovyo, na kila mtu alijua kwamba amesema kweli.

Basi nikatengeneza. Kwa kuwa mambo madogo siyapendi, nikakodi seva tatu ndogo, yaani kompyuta za mbali za kupokea maombi ya watu, badala ya moja, na mbele yake nikaweka ile programu ya kugawa kazi, ambayo kila simu ikija inaamua: wewe nenda seva ya kwanza, wewe ya pili, wewe ya tatu. Mwanzoni niliiweka igawe kwa zamu. Ikawa kero, maana mtu anaingiza namba yake ya siri kwenye seva ya kwanza, akibonyeza mara nyingine anapelekwa ya pili, nayo haimjui, inamwambia aanze upya. Dawa nilikuwa naijua, ni kuipa kila simu alama yake ili irudishwe palepale ilipoanzia, kazi ya saa mbili tatu hivi. Lakini alasiri ile mvua ilikuwa inanyesha polepole, maji yanateremka kwenye kioo, barabara ya Morogoro imefifia, malori yanapita kama hayana sauti, na mimi nilikuwa nimeshafika mbali: naona ukumbi unapiga makofi, naona shangazi anafuta machozi kwa ncha ya khanga, naona na mimi najifanya kuona aibu. Nikapita njia ya mkato. Nikaiambia programu iangalie tu simu inatokea kwenye mtandao wenye anuani gani, na kila anuani iwe na seva yake moja siku zote.

Hadija, ambaye tunafanya kazi pamoja na anaishi Kongowe ya huku kwetu Kibaha, alichungulia akaniuliza, "Na wakiwa wote wanatumia intaneti ya ruta moja, je? Si wataonekana anuani moja?"

"Ruta ya nani, Hadija? Kila mtu ana bando lake."

Tukajaribu na majirani, muuza chipsi, fundi cherehani, dada wa saluni, kila mmoja na bando lake, na kwenye skrini nguzo tatu za rangi ya kijani zinazoonyesha kazi ya kila seva zikapanda pamoja. Nilizitazama nusu saa nzima. Zilikuwa nzuri, jamani.

Siku yenyewe, natoka mlangoni, nikaiona ruta yangu mezani. Nikajisemea, kwa nini wazee wa watu wamalize mabando yao? Niwape intaneti ya bure, waone kwamba shangazi ana mtoto wa kaka yake. Nikaitia kwenye begi (hapo ndipo nilipojimaliza).

Ukumbini nikaamkia, shikamooni, marahaba, nikachomeka ruta, nikawasha projekta ili zile nguzo zangu tatu zionekane ukutani, nikatangaza kwa mbwembwe zote, "Leo hakuna kutumia bando! Intaneti hii nimewaletea mimi!" Watu wakashangilia. Kwa dakika moja ndoto yangu ilikuwa kweli, nami nikasimama pale natabasamu peke yangu.

Kisha wote wakabonyeza pamoja. Nguzo ya kwanza ikapanda, ikapanda tu, ikawa nyekundu, na zile mbili zimelala chini. Kwenye simu kikawa kile kiduara kinachozunguka, viduara ukumbi mzima, na mimi nakitazama cha jirani yangu kikizunguka taratibu nahisi kama usingizi unanichukua. Nikasema, "Bonyezeni tena!" Wakabonyeza tena, seva ikazidi kuelemewa. Kuna kina mama wachache kule nyuma waliokuwa wanatumia mabando yao na wameshaanza kufanikiwa, nikawaita (mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu), "Hamieni huku kwenye ya bure!" Wakahama. Wakakwama nao.

Bibi mmoja aliyekaa mstari wa mbele, Bi Zainabu, akaninyooshea fimbo ukutani. "Mjukuu wangu, hivyo viwili vifupi ni nini?"

"Ni seva nyingine, bibi."

"Zinafanya nini?"

"Zimekaa tu."

"Na hiyo nyekundu?"

"Inawahudumia nyinyi."

"Sisi sote?"

"Ninyi nyote."

"Na aliyezipanga hivyo nani?"

Kicheko kilichotoka pale sijakisahau. Nikamkimbilia Hadija kwa simu, na kabla sijamaliza akauliza, "Umepeleka ruta?" Nikaitazama pale ilipochomekwa. "Ichomoe sasa hivi, kila mtu arudi kwenye bando lake!"

Waya ulikuwa mguuni kwangu. Ningeinama tu. Lakini nilishajitapa, na kuichomoa ni kukiri mbele ya watu wote kwamba zawadi yangu ndiyo iliyoharibu, na hilo sikuliweza. Nikamwambia, "Hapana, wewe badilisha mpangilio hukohuko, ipe kila simu alama yake." Akasema itachukua muda. Nikasema tunao. Nikawageukia watu nikasema tatizo ni mtandao wa simu wa huku kwenu, na shangazi, aliyekuwa amesimama karibu akamsikia Hadija simuni, akanitazama, akajua naongopa.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Mwenyekiti akaomba mikono. Shangazi alikuwa wa kwanza kuinua wa kwake, kumpitisha katibu mwingine, kwa kuwa alishasema. Akakabidhi muhuri na madaftari, watu wakatoka kwenda kuswali.

Tukabaki wawili. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatisha, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Uliniuliza tunapenda rangi gani. Uliniuliza maandishi yawe makubwa au madogo. Hukuniuliza tutakaa wapi, wala hukuniambia unakuja na ruta. Na ulipojua, ukanyamaza."

Wakati huohuo Hadija akaniandikia kwamba tayari. Shangazi akatoa simu yake, akaandika jina lake, kijiji, idadi ya miche, akabonyeza. Ikakubali papo hapo. Ukutani nguzo zote tatu zikawa kijani. Akasema, "Kumbe ni nzuri," akajifunga khanga yake vizuri akatoka.

Siku hizi sipangi seva yoyote bila kwanza kwenda kuona watu wanakaa wapi, na nikiharibu nasema nimeharibu, hapohapo, hata kama ukumbi umejaa. Kuota bado naota, hilo nimeshindwa kuliacha. Ila kila nikiota ule ukumbi, nainama nauchomoa ule waya, na shangazi bado ni katibu.