Maji Kwanza au Joto Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilipewa ndoo ya petroli na kitambaa, nikaambiwa nisafishe boliti za lori lililokuwa limefunguliwa injini. Ulikuwa mwaka ule bendera mpya ilipopandishwa Kigali, nami nilikuwa kijana wa Biryogo, mtoto wa fundi cherehani, sijui lolote la magari. Nikazisugua boliti zile mpaka zikang'aa, kisha nikazipanga kwa ukubwa, ndogo huku, kubwa kule. Kontrametre, ndivyo tulivyomwita msimamizi wa mafundi, akaja akazitazama kwa muda mrefu.

"Kila boliti iko na nyumba yake," akasema. "Sasa wewe umezihamisha zote. Nani atazirudisha?"

Tulizirudisha sote wawili mpaka jua likazama, yeye akinuna na mimi nikiogopa kupumua. Ndivyo nilivyoanza.

Kutoka karakana ile ya serikali nilihamishiwa kwenye malori ya kahawa, chini ya Mkuu wa Usafiri, mtu wa kelele nyingi aliyepima kazi kwa masikio: injini ikilia vizuri, basi imepona. Baadaye nikaajiriwa Gikondo, katika karakana ya mtu binafsi tuliyemwita Patro, na huko ndiko nilikokutana na Shefu wa Atelie, mkuu wa mafundi wote. Alikuwa mtu wa Bukavu, mrefu, mkavu, hacheki ovyo. Kila ninachokijua kuhusu gasketi ya kilasi nilikipata kwake, na nyinyi vijana mnaosoma haya mtanivumilia nikieleza kidogo.

Kilasi ni kile kichwa cha injini, wengine husema silinda hedi. Kinakaa juu ya bloku, na kati yao kuna gasketi, karatasi ngumu yenye matundu, ambayo kazi yake ni kuutenganisha moto wa silinda na maji ya kupoza. Ikitoboka, moto na maji vinakutana, na hapo ndipo fundi mvivu anapojikwaa. Kila gari linalomwaga maji analiita bovu la gasketi. Shefu alitukataza. Asubuhi za Kigali ni baridi, moshi mweupe wa mapema ni mvuke tu, ngojeni upite. Tena mji wetu uko juu milimani, maji huchemka mapema kuliko pwani, kwa hiyo kifuniko kibovu cha redieta kinatosha kumwaga maji yote bila gasketi kuwa na kosa lolote.

"Ulizeni kwanza," alizoea kusema, "maji ilianza ao joto ilianza."

Hapo ndipo penye kazi yote. Gari likipungukiwa maji, au dereva akilichapa mpaka likachemka, joto hutangulia, sindano ya dashibodi hupanda, maji humwagika, na mwisho gasketi huungua. Kosa ni la dereva. Lakini gasketi ikivuja yenyewe, gesi ya moto hupenya kwenye njia za maji na kuyasukuma nje injini ikiwa bado baridi. Maji hutangulia, joto hufuata. Kosa hilo ni la gasketi, au la aliyeifunga. Ukiikuta imeshaungua, huwezi tena kujua kirahisi kipi kilianza.

Sasa gari lenyewe. Mkurugenzi wa kampuni moja, aliyekaa Kiyovu, alijiletea gari dogo jeusi lenye kompresa. Hiyo ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini, inasindilia hewa kwenye silinda ili mlipuko uwe mkubwa kuliko kawaida. Ukikanyaga, inapiga mluzi. Raha yake kubwa, na adhabu yake kwa gasketi ni kubwa vilevile. Halikukaa mwaka likaletwa kwetu, gasketi imechoka. Shefu hakumruhusu mtu kuligusa. Aliibadilisha mwenyewe na kuikaza kilasi mwenyewe, kwa mtindo tuliouita konokono: unaanza boliti za katikati, unazunguka kwenda nje, kidogo kidogo, mara kadhaa. Baada ya hapo injini huwashwa, hupata joto, huachwa ipoe usiku kucha, ndipo boliti hukazwa tena. Lakini mkurugenzi alikuwa na safari. Akapiga simu, Patro akaja mbio, gari likaondoka siku hiyo hiyo bila kukazwa mara ya pili. Shefu alinung'unika, akaambiwa atalikaza likirudi. Halikuletwa.

Dereva wa gari lile alikuwa Assumani, kaka wa mke wangu. Huku kwetu tunaitana muramu. Alikuwa mtu wa pole pole, anayeosha tairi kabla ya kuswali Ijumaa kana kwamba nalo linakwenda msikitini.

Wiki chache baadaye gari lilivutwa kwa kamba hadi kwetu. Mkurugenzi alishuka kwenye gari jingine, suti yake safi, hasira usoni. Patro alikuwa nyuma yake. Assumani alisimama kando ameshika kofia. Shefu akamuuliza mbele ya wote ilikuwaje.

"Toka Nyabugogo kupanda Muhima," akasema Assumani. "Iko inafanya vile kira siku, Shefu. Ikipanda, inamwaga. Reo nikasimamisha."

"Kila siku," mkurugenzi akarudia. "Mmesikia wenyewe. Anaona joto inapanda, maji inamwagika, na kila siku anaendelea tu. Ameniulia injini."

Shefu aliinamisha kichwa. Naye alielewa hivyo hivyo, nilimwona. Patro akamwambia Assumani aache ufunguo mezani. Kigali ya wakati huo ilikuwa ndogo. Dereva aliyefukuzwa kwa kuua injini ya mkubwa hakupewa usukani na mtu mwingine. Nyumbani kwake kulikuwa na watoto, mama mzee na dada yake mdogo. 

Lakini neno lile lilikuwa limenikwaruza. Baba yangu, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, hakukubali Kiswahili cha mtaani ndani ya nyumba. Kwake maji yalipanda, joto lilipanda, sindano ilipanda, kila kitu kwa namna yake. Ukisema "maji inapanda" alikukodolea macho juu ya miwani na cherehani ikasimama. Mtaani lakini, na karakanani, vyote vilikuwa inapanda. Assumani alisema ikipanda. Hakusema nini.

"Muramu," nikamwita, "nini ndiyo inapanda?"

Akanitazama kama ninamtania siku mbaya. "Maji, sha. Kwa chupa. Inapanda, inamwaga."

"Na sindano?"

"Sindano ingari inarara."

 Maji yalipanda sindano ikiwa bado imelala: maji kwanza. Na kama ni maji kwanza, dereva hana kosa, na mkono ulioikaza kilasi ile tuliujua wote. Mkurugenzi akacheka kwa pua. Akasema bila shaka shemeji atamtetea shemeji.

Nilimgeukia Shefu. Nilitamani aseme lolote, na niliogopa atakalosema. Yule mtu alinifundisha kazi, alinisimamia harusi, na alikuwa amebakiwa na kazi ile tu mjini. Bukavu hakuwa na kitu. Ama muramu wangu apoteze mkate, ama yeye. Mimi ndiye niliyefungua mdomo.

"Unasema kweli," Shefu akamwambia mkurugenzi. "Huyu ni muramu wake, maneno yake siwezi kuikamata. Lakini injini haina muramu. Kesho asubuhi, ikiwa baridi, tutaipandisha mlima. Na wewe uje."

Mkurugenzi hakuja. Tulikwenda watatu. Tulilivuta gari hadi Nyabugogo likiwa baridi, tukajaza redieta mpaka mdomoni. Shefu akachukua mpira mwembamba, akauunganisha na njia ya maji yanayozidi, akaupitisha chini ya boneti na kuuingiza dirishani, ncha yake akaitumbukiza kwenye chupa ya maji. Chupa akanipa mimi niipakate. Gesi ikipenya, mapovu yataonekana humo. Yeye alikaa mbele, macho kwenye sindano. Assumani alishika usukani.

Injini ilipowashwa niliikodolea chupa mpaka macho yakaniuma. Hakuna kitu. Tukaenda tambarare, hakuna. Tukaanza kupanda Muhima, maji ndani ya chupa yametulia kama ya kunywa.

"Hakuna," Shefu akasema, na sikuweza kujua kama sauti ile ilikuwa ya nafuu au ya huzuni.

Ndipo nikagundua kuwa sisikii mluzi. Assumani alikuwa anakanyaga kwa woga, gari linatambaa, kompresa haisukumi kitu. Gasketi ya gari kama lile huweza kushikilia vizuri injini ikienda polepole, ikavuja pale tu hewa inaposindiliwa. Mtihani wetu ulikuwa haujaanza.

"Kanyaga, muramu."

"Oya, hapana. Ikichemka mukononi mwangu nitasema nini?"

"Kanyaga, haijapata joto bado."

Hakukanyaga. Mgongo wa shati lake ulikuwa umelowa. Nyuma lori lilipiga honi. Nakiri kwamba sehemu moja ya moyo wangu ilitaka asikanyage, tufike juu salama, tuseme hatukuona kitu.

Shefu akageuka akamtazama. Yeye ndiye aliyekuwa na sababu zaidi ya kunyamaza kuliko sisi wote.

"Assumani," akasema kwa upole, "gusa mafuta yote. Mimi niko hapa."

Assumani akabana meno, akakanyaga. Mluzi ukapanda, gari likaruka mbele, na chupa ikaanza kuchemka mapajani mwangu, ila kwa mapovu baridi, mengi, yakikimbilia juu na kunuka moshi. Maji yakafurika yakanilowesha suruali. 

"Sindano?" nikauliza.

Shefu aliitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Imelala," akasema. "Simamisha, kijana. Hauna kosa."

Assumani alisimamisha gari pembeni, akalalia usukani akalia. Shefu alishuka, akafungua boneti, akabaki ameinama pale bila kugusa kitu.

Tulipofungua kilasi tulikuta njia nyeusi, nyembamba kama uzi, kutoka silinda hadi kwenye tundu la maji. Boliti za upande ule zililegea kwa spana bila ubishi. Shefu hakumtaja mkurugenzi na simu zake, wala Patro na haraka zake. Alinawa mikono, akapanda ofisini, na sisi chini tukamsikia kupitia dirishani: "Kilasi ile niliikaza mimi, nikaiachilia mbele ya kuikaza mara ya pili. Dereva arudi kwa kazi yake." Patro alipandisha sauti kumtaka aseme kitu kingine. Hakusema.

Assumani alirudishiwa ufunguo. Kampuni ya mkurugenzi ilikuwa na magari mengi kwetu, na Patro hakutaka kuyakosa, kwa hiyo lazima mtu aondoke. Shefu alikusanya vitu vyake, akatushika mikono mmoja mmoja, akapanda gari la kwenda Cyangugu, mpakani na Bukavu. Siku chache baadaye Patro aliniita, akanipa nafasi ya Shefu.

Assumani alipokuja kumshukuru alinikuta mimi mezani. Akauliza Shefu iko wapi. Nilipomweleza hakukaa, wala hakunywa chai niliyomwagizia. Alisema, "Basi amenirudishia mukate yangu na yake," akaenda zake. Kwa muda mrefu tukikutana kwenye shughuli za ukoo tulizungumzia hali ya hewa tu.

Nilikuwa Shefu wa Atelie hadi nilipostaafu. Nilituma salamu Bukavu kila nilipompata msafiri, jibu sikupata. Kazi niliifanya kwa woga, nawaambia ukweli, kwa sababu nilijua nimekaa mahali pa mtu bora kuliko mimi. Gari lililofunguliwa kilasi halikutoka bila kukazwa mara ya pili, hata mwenyewe awe nani, na wakubwa walinikasirikia sana. Sasa nimepumzika, magoti hayataki tena sakafu ya saruji, na ninasikia injini za siku hizi zikipita nje na kuzikosoa kimya kimya.

Siku ya kuniaga Patro, naye amezeeka, alisimama mbele ya mafundi akasema kwamba miaka yote hiyo karakana yetu haikurudishiwa gari hata moja kwa gasketi. Watu wakaanza kupiga makofi. Niliwanyamazisha kwa mkono. Nikawaambia lilirudi moja, na aliyelikaza alikwenda mwenyewe kusema ni yeye, wakati angeweza kunyamaza na mtu mwingine akabeba lawama. Nikalitaja jina lake lote, la kwake na la baba yake. Patro akainama chini. Kisha wale vijana, wasiomjua hata kwa sura, wakampigia makofi.